Saa ya Kwanza Baada ya Kung'atwa

Mbwa anapomng'ata mtoto njiani, watu wengi humkimbilia mbwa kabla ya jeraha. Huyu anaokota jiwe, yule anauliza mbwa ni wa nani, na mpaka kelele zitulie, dakika zenye thamani kuliko zote zimekwisha kupita. Huduma ya kwanza kwa aliyeng'atwa na mnyama au kuumwa na mdudu ni kazi ya muda mfupi. Hufanywa na yeyote aliye karibu, kwa vitu vilivyomo nyumbani: maji, sabuni, kitambaa safi, kipande cha ubao na simu ya kuitia usafiri. Haihitaji ujuzi wa daktari. Inahitaji mtu ajue la kufanya na, pengine zaidi, lisilofaa kufanywa, kwa sababu katika Afrika Mashariki watu wengi huumizwa mara mbili: kwanza na mnyama mwenyewe, kisha na tiba ya papo kwa papo ya majirani wenye nia njema.

Mbwa ndiye wa kuanza naye. Meno yake huacha matundu yanayoonekana madogo kwa juu, kumbe yamezama, na mate yake yanaweza kubeba virusi vya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na takriban visa 99 katika kila 100 hutokana na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa, humsogelea akiwa anakula, tena kwa kimo chake meno humfikia kirahisi usoni na shingoni, mahali palipo karibu na ubongo.

Virusi hivyo havisambai kwa njia ya damu. Huanzia kwenye msuli, kisha hupanda taratibu kupitia mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja tu, au kuzidi mwaka. Hapo ndipo watu wanapodanganyika: kidonda kinapona, kovu linabaki, familia inasahau. Dalili zikishajitokeza, yaani homa, kuchonyota mahali palipong'atwa, kushindwa kumeza hata maji na kuweweseka, hakuna dawa, na karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, ugonjwa huo huo unazuilika kwa uhakika mkubwa. Ni maradhi machache sana ambayo kuwahi na kuchelewa hutofautiana kiasi hicho.

Kinga huanzia bombani. Virusi vya kichaa cha mbwa vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Aliyeng'atwa aketishwe na jeraha liwekwe chini ya maji yanayotiririka. Pasipo na bomba, mtu mmoja amimine maji kwa kata au dumu, mwingine apake sabuni. Sabuni ya mche ya kufulia inatosha kabisa. Povu lisukumwe ndani ya tundu la jino, si kupakwa juu juu, lisuuzwe, lipakwe tena, na kazi hiyo iendelee kwa dakika 15 kamili zinazohesabiwa kwa saa. Muda huo ni mrefu kuliko unavyosikika. Mtoto atalia, damu itaongezeka kidogo, na mwoshaji ataona amemaliza baada ya dakika mbili. Hajamaliza. Baada ya hapo jeraha lipakwe iodini au spiriti kama ipo, lifunikwe kwa kitambaa safi bila kukazwa, na lisishonwe kwa haraka, kwa kuwa kushona huweza kufungia vijidudu ndani na kuvisukuma karibu zaidi na mishipa ya fahamu. Kama kuna haja ya kushona, uamuzi huo ni wa hospitali.

Pilipili, majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe na nywele za mbwa yule yule zilizochomwa, vyote hivyo huwekwa kwenye majeraha ya namna hii hapa na pale. Hakuna hata kimoja kinachoua virusi vilivyozama kwenye nyama, na vingi huleta usaha. Dakika ambayo imetumika kutafuta majivu jikoni ni dakika ambayo sabuni haikufanya kazi yake.

Kuosha peke yake hakutoshi. Siku hiyo hiyo aliyeng'atwa afikishwe kwenye hospitali yenye chanjo. Louis Pasteur aliitumia chanjo ya kwanza ya aina hii Julai 1885 mjini Paris kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Chanjo za zamani zilidungwa tumboni kwa siku nyingi mfululizo, na hofu ya sindano zile bado inawafanya wazazi wengi wasite. Chanjo za leo hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, nazo ni chache: ya kwanza siku mtu anapofika, kisha siku ya 3, siku ya 7 na kuendelea kwa ratiba atakayopewa. Mjamzito anachanjwa, mtoto mchanga anachanjwa. Kwa jeraha linalovuja damu, au mate yaliyoingia machoni au mdomoni, daktari anaweza pia kuongeza dawa yenye kingamwili zilizo tayari, ambayo hudungwa kuzunguka jeraha lenyewe ili kumlinda mtu wakati mwili wake unajitengenezea kinga. Mwenye kuanza dozi na kuiacha njiani kwa sababu kidonda kimepona anacheza na maisha yake.

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kuzuiwa bila kumhatarisha mtu, afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini siku kumi hizo zisitumiwe kama sababu ya kungoja. Chanjo inaanza, mbwa anaangaliwa, yote kwa wakati mmoja. Ofisa mifugo wa eneo apewe taarifa, kwani ugonjwa huu hukomeshwa kwa kuwachanja mbwa walau 70 katika kila 100. Kisiwani Pemba chanjo za mbwa zilikata maambukizi. Ugonjwa uliporejea mwaka 2016, mbwa walichanjwa tena, na kufikia 2018 ukawa umetoweka kisiwani.

Paka, fisi, mbweha, tumbili, nyani na punda wanaweza kuambukiza pia. Kuna hatari moja ambayo wafugaji hawaifahamu vya kutosha. Ng'ombe mwenye kichaa hutoa mate kwa wingi na hushindwa kumeza, na mfugaji hudhani kuna kitu kimemkwama kooni, akaingiza mkono mpaka kiwiko kukitafuta. Akiwa na mchubuko kwenye vidole, amejiambukiza bila kung'atwa na yeyote. Naye anapaswa kuosha mkono kwa sabuni dakika 15 na kwenda kuchanjwa. Paka ana meno membamba yanayozama sana, hivyo jeraha lake huota usaha upesi kuliko linavyoonyesha, hasa kwenye vidole. Meno ya binadamu si salama zaidi. Kila jeraha la kung'atwa, liwe la mnyama gani, ni la kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda. Kwa aliyeraruliwa na mamba au kiboko hesabu ni nyingine: kwanza damu izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa na kiganja, kwa nguvu na bila kuachia, mpaka afike mikononi mwa daktari.

Nyoka ndiye anayezungukwa na imani nyingi kuliko mnyama yeyote, na ni kwake ambako tiba potofu hugharimu viungo na roho. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 5.4 hugongwa na nyoka kila mwaka duniani. Kati ya 81,000 na 138,000 hufa, na mara tatu ya idadi hiyo hukatwa kiungo au hubaki na ulemavu wa kudumu. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini. Mwaka 2017 Shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Nyoka wa Afrika Mashariki wanaoua hutofautiana kwa sumu. Kifutu, ambaye kwingine huitwa moma au bafe, ni mnene na mzito, hulala njiani bila kujongea na humgonga anayemkanyaga, mara nyingi kwenye kifundo au chini ya goti. Sumu yake huozesha nyama: mguu hufura, malengelenge hutokea, maumivu huwa makali sana. Koboko, ambaye kwa rangi ni wa kijivu na weusi uko ndani ya kinywa, ana sumu ya mishipa ya fahamu. Mahali alipogonga huenda pasifure hata kidogo, lakini baada ya muda kope za mgonjwa huanguka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, na mwisho misuli ya kupumulia hulegea. Kundi la tatu ni la wanaoharibu mgando wa damu, wakiwemo nyoka wadogo wa mchangani wa kaskazini mwa Kenya na nyoka mwembamba wa mitini anayejulikana kimataifa kama boomslang. Hawa huweza kumfanya mtu atokwe damu kwenye fizi, puani na kwenye mkojo saa nyingi baada ya kugongwa.

Tofauti hizi ni za daktari kuzijua. Mtu wa kwanza kufika hahitaji kuzitambua ndipo asaidie. La kwanza ni kumwondoa mgonjwa karibu na nyoka na kumtuliza. Kutulia si suala la moyo peke yake. Sumu nyingi husafiri kupitia mishipa ya limfu, ambayo husukumwa na misuli inapofanya kazi, kwa hiyo mtu anayekimbia kuomba msaada anaisukuma sumu yeye mwenyewe. Alazwe. Pete, bangili, shanga, saa na viatu vivuliwe mara moja kabla kiungo hakijafura, kwani pete iliyobaki kwenye kidole kinachovimba huweza kukikatia damu. Kisha kiungo kifungwe kisichezeshwe, kama anavyofungwa aliyevunjika mfupa. Kwa mguu, ubao mmoja au fito mbili zilizonyooka zilazwe kando kuanzia juu ya goti mpaka kwenye unyayo, na zifungwe kwa khanga zilizopasuliwa vipande, fundo likae juu ya ubao na si juu ya nyama. Mkazo uwe wa kuruhusu kidole kimoja kupita chini ya kitambaa. Kila uvimbe unapopanda, vitambaa vilegezwe. Mwenye kalamu achore mstari mahali uvimbe ulipofikia na kuandika saa pembeni yake. Mstari huo utamsaidia daktari kuliko maelezo mengi.

Kamba ya kubana ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Hufungwa juu ya jeraha ili sumu isipande, na mara nyingi hukazwa mpaka mguu unageuka rangi. Kwa sumu ya kifutu, matokeo yake ni kukusanya sumu inayoozesha nyama mahali pamoja na kuinyima nyama hiyo damu. Wapo waliookoka sumu wakapoteza mguu kwa sababu ya kamba. Kwa aliyekwisha kufungwa, kamba isikatwe ghafla njiani. Wahudumu wa hospitali wailegeze wakiwa tayari na dawa. Kuchanja kwa wembe nako hakutoi sumu, bali hufungua mlango wa kuvuja damu kwa mtu ambaye damu yake pengine haigandi tena. Kufyonza kwa mdomo hakutoi kiasi chochote cha maana. Kumshtua mgonjwa kwa umeme wa plagi ya pikipiki, kumnywesha pombe, kumtapisha kwa dawa za majani au kumpaka mafuta ya taa ni kumwongezea madhara na kumpotezea saa.

Jiwe la nyoka linastahili maelezo ya peke yake, maana linaheshimiwa sana. Ni kipande cheusi, mara nyingi cha mfupa uliochomwa, kinachowekwa juu ya jeraha lililochanjwa na kuachwa kigande hapo mpaka kianguke chenyewe. Waliotibiwa nalo wakapona ni wengi, na ushahidi wao ni wa kweli. Walichokosea ni sababu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wenye sumu kali hugonga mara nyingine bila kuimwaga. Mtu wa namna hiyo angepona kwa jiwe, kwa maji ya kunywa au kwa kuachwa tu. Jiwe hushika kwa sababu linanyonya unyevu wa damu, na huanguka linapojaa. Siku mtu anapogongwa na koboko aliyemwaga sumu, jiwe litashika vile vile, na mgonjwa atakufa likiwa bado limeshika. Waganga wa jadi wengi ndio wanaofikiwa kwanza vijijini, na wale wanaompeleka mgonjwa hospitali bila kumshika saa tatu wanaokoa watu.

Dawa inayozima sumu ipo, na wazo lake ni la zamani: Albert Calmette, Mfaransa, aliitengeneza katika miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake utengeneze kingamwili, kisha kingamwili hizo husafishwa na kuwa sindano. Dawa hii huenda na nyoka wa mahali. Iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia haimfai aliyegongwa na kifutu wa Dodoma au Kitui, hata kama kichupa kimeandikwa kwa herufi kubwa. Pia inaweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana haidungwi nyumbani wala dukani bali penye mhudumu na dawa ya kumwokoa mgonjwa mzio ukitokea. Upatikanaji wake umekuwa wa shida. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyofanya kazi dhidi ya nyoka kumi wa Afrika, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016.

Kwa kuwa dawa iko hospitali, usafiri ni sehemu ya huduma ya kwanza. Kusini-mashariki mwa Nepal, katika eneo la Damak, wanavijiji walijipanga kuwakimbiza waliogongwa kwa pikipiki hadi kituo cha matibabu, huku watu wakifundishwa la kufanya. Vifo miongoni mwa waliopatwa na sumu vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Bodaboda za huku zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Mgonjwa hukaa katikati, mtu mwingine nyuma yake akimshika asianguke, na kiungo kikiwa kimefungwa. Anayetapika au kusinzia alazwe kwa ubavu wa kushoto, na kwa huyo gari ni bora kuliko pikipiki. Akiacha kupumua apuliziwe pumzi mdomoni bila kukoma. Mtu aliyepoozwa na sumu ya koboko huonekana amekufa, macho yamefumba na hatikisiki, ilhali moyo unapiga na masikio yanasikia kila kinachosemwa juu yake. Wapo waliopumuliwa mpaka hospitali, wakawekwa kwenye mashine, wakapona kabisa.

Nyoka asitafutwe wala kuuawa ili apelekwe hospitali. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata kwa muda. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha, na ikikosekana, dalili za mgonjwa zitamwongoza daktari. Maumivu yapunguzwe kwa paracetamol, si aspirini, inayozidisha kuvuja damu. Na mtu asiyeonyesha dalili naye aende, abaki chini ya uangalizi kwa walau saa 24. Mwaka 1957 mjini Chicago, mtaalamu mashuhuri wa nyoka, Karl Schmidt, aligongwa na boomslang mdogo. Alirudi nyumbani, akawa anaandika dalili zake daftarini, na asubuhi akahisi nafuu. Siku hiyo hiyo alikufa kwa kuvuja damu.

Swila anayetema sumu hulenga macho. Macho yaoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, yakimiminwa taratibu kutoka pembe ya pua kuelekea nje, kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Maziwa yanafaa endapo maji hayapo. Macho yasifikichwe, na daktari ayaangalie, kwa kuwa mkwaruzo usiotibiwa kwenye kioo cha jicho unaweza kuleta upofu. Swila huingia pia majumbani usiku kufuata panya na kuwagonga waliolala sakafuni. Chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kinachojulikana kwa kuzuia mbu, huzuia nyoka na nge pia.

Kwa nyuki, hatari ni wingi na mzio. Nyuki wa asali huacha mwiba mwilini pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kuondoka. Kwa muda mrefu watu walifundishwa kuukwangua mwiba kwa kisu au kadi na kutoushika kwa vidole. Kilicho muhimu ni kasi. Mwiba utolewe kwa njia yoyote iliyo karibu, kucha ikiwemo, ndani ya sekunde chache. Kisha mahali paoshwe kwa sabuni na pawekwe kitambaa cha maji baridi. Nyigu haachi mwiba na huweza kuuma tena na tena.

Mwiba wa nyuki hutoa harufu inayokaribia ya ndizi, na harufu hiyo huwaita wengine. Hivyo aliyeumwa na mmoja karibu na mzinga asisimame kupunga mikono. Akimbie moja kwa moja, afunike uso na kichwa kwa shati au khanga, aingie ndani ya nyumba au gari na kufunga. Kujitosa majini hakufai, kwani nyuki husubiri juu. Aliyeumwa na makumi kwa makumi ya nyuki apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, kwa kuwa sumu nyingi huweza kuharibu figo siku zinazofuata. Mtoto mdogo na mzee wanahitaji miiba michache zaidi kufikia hatari hiyo.

Mzio ni jambo jingine, na mwiba mmoja unatosha. Ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya nusu saa, mwili huota vipele vya kuwasha, midomo na ulimi hufura, pumzi hutoa mluzi, mtu huhisi kizunguzungu na kuanguka. Dawa yake ni adrenalini inayodungwa kwenye msuli wa paja, na zahanati nyingi zinayo. Vidonge vya mzio huondoa muwasho lakini havimwokoi anayekosa pumzi. Wakati usafiri unatafutwa, alazwe na miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aachwe akae. Asisimamishwe wala kutembezwa, maana kusimama ghafla kumewaua watu katika hali hii. Aliyepona atajua maisha yake yote kwamba nyuki ni adui wake wa kweli, na jamaa zake wajue pia.

Nge huumiza kuliko anavyoua. Mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopewa zaidi. Maji baridi, paracetamol na utulivu humtosha mtu mzima. Mtoto mdogo, au yeyote anayeanza kutokwa jasho, mate mengi au kutetemeka, apelekwe hospitali. Tandu huchukuliwa vivyo hivyo. Kupe avutwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, polepole, bila kuchomwa kwa moto. Kuna na kimdudu chembamba chenye pingili nyekundu na nyeusi, maarufu kwa jina la nzi wa Nairobi, kilichosumbua Kenya sana baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hakiumi. Kikipondwa juu ya ngozi hutoa majimaji yanayobabua kama moto siku inayofuata. Kipulizwe kiondoke, na kama kimepondwa, ngozi ioshwe kwa sabuni na mikono isiguse macho.

Pwani ina wake. Taa hujifukia mchangani kwenye maji madogo na kuchoma kwa mwiba wa mkiani, samaki-jiwe hufanana na mwamba, na wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi huwapata zaidi wavuvi wa miguu na akina mama wanaolima mwani wa Paje na Jambiani. Kwa sumu za viumbe hawa joto ndilo tiba. Mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri mtu awezavyo kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na maumivu hupungua kwa kiasi cha kushangaza. Mguu mzima upime maji kwanza, kwa sababu ulioumia hausikii vizuri na unaweza kubabuka. Miiba inayotokeza itolewe, iliyokatikia ndani isichimbuliwe kwa sindano ya kushonea. Kwa konyeza au yavuyavu, nyuzi zake ziondolewe kwa kijiti na mahali pasuuzwe kwa maji ya bahari, si maji baridi ya bomba, na kamwe si mkojo. Kome wazuri wenye umbo la pia wasiokotwe wakiwa hai. Wapo wenye mwiba unaoweza kumuua mtu, na sumu yao haina dawa ya kuizima.

Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa cha mbwa, na hospitali zenye dawa ya sumu ya nyoka ni chache zaidi. Mwenye watoto, mkulima, mwalimu wa shule ya kijijini na dereva wa bodaboda waulize wiki hii, kabla ya kuhitaji: chanjo iko wapi, dawa ya nyoka iko wapi, ni kilomita ngapi, na usiku nani ana chombo. Majibu hayo yaandikwe ukutani pamoja na namba ya simu ya dereva, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuyasoma.